Mafuta ya Karafuu Yavikwe Ganda

Ndugu wanachama,

Wengi wetu twaujua mkoa wa Mara kwa sababu ya Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Lakini mkulima wa Butiama, kama mwenzake wa Bunda na Musoma, ana adui ghalani ambaye huenda dawa yake imo katika mikarafuu yetu. Adui huyo ni fukusi wa mahindi, pamoja na dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Skania. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora karibu na mwaka 1980.

Mwaka 1997 wataalamu Obeng-Ofori na Reichmuth walitangaza kwamba yujenoli, ambayo ndiyo itiayo karafuu harufu yake, huwaua wadudu hao wote wawili. Na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yetu, yawe ya karafuu, ya majani, au ya makonyo yanayokamuliwa kwa mvuke kiwandani Wawi, Pemba.

Basi kizuizi ni nini? Mafuta haya hukimbia. Yakiwa wazi hupaa, na hewa na mwangaza huyaharibu. Ghala lataka ulinzi wa miezi, si wa siku chache.

Njia iliyopo ni kuyavika ganda. Mafuta hukorogwa katika maji yenye gundi ya migunga mpaka yafanane na tui, kisha hunyunyizwa ndani ya pipa kubwa lenye hewa ya moto. Maji hukauka, gundi hubaki imelizunguka kila tone, na kinachopatikana ni unga mkavu unaoachia mafuta kidogo kidogo. Kuvika ganda si jambo geni: mwaka 1954 kampuni ya National Cash Register ya Marekani ilitoa karatasi za nakala zenye matone ya rangi yaliyofungwa vivyo hivyo, yakipasuka kwa mkandamizo wa kalamu.

Hata hivyo, gundi huyeyuka kwa unyevu. Ganda lifaalo Bunda huenda lisifae ghala la Musoma kando ya ziwa. Sharti lijaribiwe huko huko. Tena dawa ya nafaka haiuzwi bila idhini ya TPHPA. Kwa hiyo twawaonya: mtu asimwage mafuta katika chakula.

Tukiendelea kuuza mafuta matupu, ganda litatiwa ng'ambo na faida itabaki huko. Twaomba jambo hili lizungumzwe katika mkutano ujao, inshallah. Na kwa sasa, makonyo yasitupwe.

Katibu