Zawadi za Mikono katika Nyanda za Juu za Buha
(Sehemu ya Pili: Noeli Huandaliwa Kiangazi)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza nafasi ya zawadi katika maisha ya jamaa na majirani. Sehemu hii inahusu utengenezaji wenyewe wa zawadi za Noeli na Mwaka Mpya katika Heru Juu na vijiji vingine vya Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Buha mkoani Kigoma, na hoja yake kuu ni kwamba zawadi ya mikono inayotolewa Desemba haina budi kuanza kuandaliwa miezi mingi kabla, kwa kuwa hali ya hewa na ratiba ya kilimo ndizo zinazoamua kama itakuwa imara na ya kufaa.

Nyanda hizi, ambazo sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, zina msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Noeli, kwa hiyo, huangukia wakati ambapo majani ni mabichi, jua ni haba, na fedha za kaya nyingi zimekwisha kwenda kwenye mbegu na mbolea, huku sare na madaftari ya watoto yakisubiri kununuliwa Januari. Familia inayongoja wiki ya mwisho hulazimika kununua kwa bei ya sikukuu, au kutoa kitu kilichotengenezwa kwa haraka ambacho hakitadumu.

Uzito wa kutoa na kupokea katika eneo hili una historia yake. Heru ilikuwa mojawapo ya falme za Buha, na watawala wake waliitwa mwami. Katika falme hizo ulikuwapo utaratibu ulioitwa ubugabire, ambapo mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu mwingine mnyama, naye aliyepokea alipata maziwa na samadi lakini akawajibika kumtumikia na kumheshimu aliyempa. Utaratibu huo unathibitisha jambo alilolieleza mwanazuoni wa Ufaransa, Marcel Mauss, katika kazi yake iliyotoka mwaka 1925, kwamba kutoa, kupokea na kurudisha ni wajibu unaofungamanisha watu. Hata hivyo, ubugabire uliwafungamanisha wasiolingana, aliye juu na aliye chini, ilhali kikapu ambacho shangazi humsukia mkwe wake, au chupa ya asali ambayo jirani humpelekea jirani, hujenga uhusiano wa watu walio sawa, kwa sababu kila kaya yenye mikono inaweza kurudisha kwa kiasi chake.

Zawadi ya kwanza ya kuzingatiwa ni kikapu cha kusuka kwa mzunguko. Ufundi huu ni tofauti na ule wa pwani, ambako ukili wa miyaa husukwa kwanza kuwa ukanda mrefu na baadaye kushonwa; hapa fungu la nyasi nyembamba hufanywa kiini, likazungushwa kama nyoka aliyejikunja, na kila mzunguko ukafungwa kwenye ule uliotangulia kwa uzi wa mmea unaopitishwa na shazia, yaani sindano kubwa, au na msumari ulionolewa. Nyasi hukatwa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, zikiwa zimekomaa lakini hazijaanza kukatika zikikunjwa, kisha huanikwa hadi zikauke kabisa, kwa kuwa nyasi iliyosukwa ikiwa na unyevu husinyaa baadaye, mizunguko ikalegea, na mara nyingi ukungu ukaingia. Uzi wa kufungia, kinyume chake, hulowekwa kidogo kabla ya kutumika ili ulainike, na ukikauka hubana kwa nguvu zaidi. Msukaji aliyekwisha kuhifadhi nyasi zake darini karibu na moshi wa jiko anaweza kuendelea na kazi jioni za Oktoba na Novemba, mvua ikinyesha, bila hasara yoyote.

Zawadi ya pili hutoka katika misitu ya miombo, ambayo imewafanya wakazi wengi wa Kibondo na Kasulu kuwa wafugaji wa nyuki. Sehemu kubwa ya asali huvunwa baada ya mvua kukoma, na anayekusudia kuitoa Desemba hana budi kuchagua masega yaliyozibwa kwa nta, kwa sababu kizibo hicho ni ishara kwamba nyuki wamekwisha kupunguza maji katika asali. Ikiwa na maji chini ya asilimia 20, asali haichachi kwa urahisi. Huchujwa bila kupikwa, hutiwa katika chupa iliyochemshwa na kukaushwa kabisa, kisha hufunikwa vizuri ili isifyonze unyevu wa masika. Katika baridi ya nyanda za juu asali nyingi huganda na kuwa na chembechembe, na wapokeaji wengine hudhani imechanganywa na sukari, ilhali huko ni kuganda kwa kawaida, na chupa ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu asali hurudia hali yake. Anayetoa asali anapaswa pia kumkumbusha mpokeaji kwamba mtoto asiyetimiza mwaka mmoja haruhusiwi kulishwa, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyozalisha sumu tumboni mwake.

Masega yaliyokamuliwa hayafai kutupwa. Nta yake, inayoyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto mtupu, kwa kuwa inaweza kushika moto. Fungu moja la nta likichanganywa na mafungu manne ya mafuta ya kula, kwa uzito, hutoa mafuta mazito ya kupaka yanayofaa sana kwa visigino vilivyopasuka, na kwa hiyo ni zawadi ya heshima kwa bibi na babu waliotumia miaka yao shambani.

Zawadi ya tatu ni sabuni ya mawese, mafuta mekundu yanayopandishwa kutoka maeneo ya chini yaliyo karibu na Ziwa Tanganyika. Sabuni hupatikana mafuta yanapoungana na kostiki, kemikali kali inayochoma ngozi na macho, na ndiyo maana vipimo havikisiwi. Kilo 1 ya mawese huhitaji takriban gramu 135 za kostiki halisi iliyoyeyushwa katika gramu 330 hivi za maji. Kostiki hutiwa ndani ya maji polepole, wala maji hayatiwi juu ya kostiki, na kazi hufanyika nje, kwa glavu na miwani, katika chombo kisicho cha alumini, watoto wakiwa mbali. Mafuta ya mise, yanayotokana na kokwa za mchikichi, huhitaji kostiki zaidi, na kwa hiyo kipimo hicho hakiwafai wanaoyatumia. Mchanganyiko hukorogwa hadi uwe mzito, humiminwa katika kalibu, na siku inayofuata hukatwa vipande na kupangwa juu ya chanja penye hewa kwa wiki 4 hadi 6. Anayekusudia kuitoa Noeli, basi, asivuke siku za kwanza za Novemba, na akiwahi Septemba, kabla ya mvua, sabuni yake itakuwa ngumu zaidi na itadumu zaidi.

Zawadi hizi tatu zina sifa moja inayozipa thamani: kila moja hubeba kazi iliyofanywa kwa kumfikiria mtu fulani. Kikapu husukwa kwa ukubwa unaotosha maharage ambayo mama mkwe hupepeta, na sabuni hupelekwa nyumba yenye mtoto mchanga ambako nepi ni nyingi. Kwa hiyo kaya isione haya kutoa kilichotengenezwa nyumbani; kinachostahili kuonewa haya ni kazi ya kulipua, kama vile kikapu kinacholegea, asali iliyochacha na sabuni inayochoma, kwa kuwa vitu hivyo humwambia mpokeaji kwamba hakufikiriwa. Watoto nao, wakishirikishwa katika kukata nyasi na kuchuja asali wakati wa likizo ya Juni, hujifunza ufundi ambao hawafundishwi darasani, na hujifunza pia kwamba upendo huhitaji maandalizi.

Ushauri wa makala haya kwa kaya za Heru Juu na jirani zake, basi, ni kupanga zawadi kama zinavyopanga shamba: nyasi na asali kiangazi, sabuni kabla ya mvua au mwanzoni mwake, na kumalizia kusuka jioni za masika. Sehemu ya tatu itaeleza namna vikundi vya wanawake vinavyoweza kununua malighafi kwa pamoja na kugawana vifaa vya kazi, ili hata kaya isiyo na mzinga wala mizani isikose cha kumpelekea jirani yake siku ya sikukuu.