Je, Wajua? Gemu, Ugumu na Mabingwa wa Hesabu

Ukurasa huu ni kwa vijana wa Seeb, Ruwi na Muttrah wanaokesha na gemu, na ndugu zao wa Unguja.

Je, wajua kwamba…

• Zanzibar na Muscat zimo katika gemu moja? Ni Civilization VI ya mwaka 2016. Zanzibar ni mji wa biashara, na anayepata ulezi wake hupewa mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwingine humo. Muscat iliongezwa baadaye mwaka huohuo.

• Ukipandisha ugumu, kompyuta haiongezeki akili? Gemu hiyo ina ngazi 8. Katika ngazi ya juu kabisa, Deity, kompyuta huanza na walowezi 3, wewe 1. Haijawa hodari, imebebwa tu.

• Wapo wachezaji wanaochagua kila silaha na kila ujuzi kwa hesabu tu, shujaa wao awe hashindiki? Katika Oblivion ya mwaka 2006 hesabu hizo zilikuwa na mtego: maadui hupanda levo pamoja nawe, hata majambazi wa barabarani huishia kuvaa deraya za kioo za bei mbaya. Wajanja wakaamua kutopanda levo haraka.

• Diablo II, ya mwaka 2000, ina ngazi 3, na huingii Hell bila kumaliza Normal na Nightmare? Ukicheza Hardcore, shujaa wako akifa ndiyo basi, hafufuki.

• Dark Souls (2011) na Elden Ring (2022), zote kutoka Japani, hazina mahali pa kuchagua ugumu? Ukishindwa, jiimarishe urudi tena.

• Wazee walikuwa na ngazi za ugumu kabla ya umeme? Hawalis ya Oman ina safu 4 za mashimo 7. Bao la Unguja, safu 4 za mashimo 8 na kete 64. Mgeni huanzia bao la kujifunza, kete zimepangwa mbilimbili. Akikomaa huingia bao la Kiswahili: kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi.

Ukitaka kujipima kwa haki katika Civilization VI, chagua Prince: hapo hakuna anayebebwa, si wewe wala kompyuta.