Michoro ya Nukta za Elektroni (3): Seredani na Gesi Yake

Wiki jana tuliishia kwenye maji: oksijeni ina elektroni 6 za nje, haidrojeni mbili zina moja moja, jumla 8. Hapo sidhani kuna mwanafunzi wa kidato cha pili, Bofu au kwingineko Likoni, atakayekwama. Wengi hukwama kwenye kaboni monoksidi, gesi inayotoka kwenye seredani yenye makaa ikiachwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kinachowaponza ni kuchora kabla ya kuhesabu. Mtu anaandika C, anaandika O, anatia jozi mbili katikati kwa mazoea ya kaboni dioksidi. Oksijeni inatimiza 8, kaboni inabaki na 6. Futa. Hesabu kwanza: kaboni 4, oksijeni 6, jumla 10, yaani jozi tano. Jozi tano zitawatosha wote wawili kwa njia moja tu: tatu katikati, moja nje upande wa kaboni, moja nje upande wa oksijeni. Sasa kila mmoja ana 8.

Tumia nukta kwa elektroni za kaboni na x kwa za oksijeni, kama KCSE inavyotaka. Kaboni imebakiza nukta mbili nje, ikatia mbili katikati. Oksijeni imebakiza x mbili, ikatia nne. Kwa hiyo jozi moja ya katikati ni x tupu: oksijeni imetoa zote mbili. Ukiichora nukta na x, umepoteza alama.

Ile jozi ya nje ya kaboni si pambo. Ndiyo inayong'ang'ania chuma kilichomo katika hemoglobini ya damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana aliyelala na seredani ndani huenda asiamke.

Gilbert Lewis wa Chuo Kikuu cha California alichapisha wazo la jozi mwaka 1916, na bado linatufaa, ingawa si kila mahali. Mchoro wa oksijeni yenyewe unaonyesha elektroni zote zimepata mwenzi. Lakini oksijeni ya majimaji huvutwa na sumaku, kwa kuwa elektroni zake mbili hazina mwenzi. Mtihani hauulizi hilo, ila ni vyema kulijua.

Kwa wiki ijayo, jaribu ioni ya amoniamu, NH₄⁺. Naitrojeni 5, haidrojeni nne, jumla 9; chaji ni chanya, kwa hiyo toa moja kabla hujagusa kalamu.