MCHEZO WA KUCHEZWA MARA NYINGI

Mwaka 2023 mpwa wangu, kijana wa miaka 20, alifaulu mtihani wake wa kidato cha sita. Nilikuwa nimemwahidi zawadi, naye akaomba mchezo wa kompyuta. Nilitoa fedha nilizoziweka akiba miezi kadhaa, nikamnunulia mchezo uliosifiwa sana kwa picha zake nzuri. Siku ya nne alikuwa amekwisha umaliza. Juma lililofuata niliona kompyuta imefunikwa kitambaa. Nikamwuliza, "Je, hutaucheza tena?" Akanijibu kwa adabu, "Mjomba, nimekwisha jua kila jambo litakalotokea."

Wasomaji wapendwa, jibu hilo lilinikaa moyoni. Kitabu nacho aghalabu husomwa mara moja, lakini kitabu huazimwa nyumba ya pili, na ya tatu, hata jalada lichakae. Mchezo ulionunuliwa kwa njia ya intaneti mara nyingi umefungwa kwa jina la mnunuzi mmoja, wala hauwezi kumpa jirani. Basi mzazi anayetaka kumnunulia kijana wake mchezo mmoja tu, naye hana fedha za mwingine mpaka mavuno yajayo, yampasa kuuliza swali nililosahau kuliuliza mimi: mchezo huu utachezwa mara ngapi?

Tangu hapo nimekuwa nikilifuatia jambo hili pamoja na mpwa wangu. Tuliyoyaona ndiyo haya.

MSIMULIZI NI NANI?

Ninayotaka kueleza ni ile michezo ya kuigiza, yaani michezo ambayo mchezaji hujivika utu wa mtu mwingine, akapewa jina, silaha, marafiki na adui, akatembea katika nchi ya hadithi. Haikuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu walikaa mezani na karatasi, penseli na kete. Mmoja wao alikuwa msimulizi, na wengine walimwambia watakalofanya. Ukimwambia msimulizi, "Siingii mlangoni, nitachimba ukuta," alilazimika kufikiri papo hapo na kukujibu. Kwa hiyo hadithi haikurudi vile vile hata siku moja. Ni kama bao letu la barazani: hakuna aulizaye kwa nini wazee hulicheza kila jioni, maana mpinzani hubadilika, na hata yule yule wa jana leo ana hila nyingine.

Kompyuta iliposhika kazi ya msimulizi, jambo moja lilipotea. Kompyuta hujibu yale tu ambayo watengenezaji waliyatia ndani yake. Wakitia hadithi moja, utapata moja, hata ukirudi mara kumi. Mchezo wa Final Fantasy XIII, uliotoka Japani mwaka 2009, una picha za kupendeza kweli, lakini wachezaji wengi waliulalamikia kwamba kwa muda mrefu wapita kana kwamba u katika ujia mwembamba, ukuta huku na ukuta huku. Atakayeucheza mara ya pili atapita ujia ule ule.

Basi usihesabu ukubwa wa nchi ya mchezo. Hesabu njia zilizomo. Wauzaji hupenda kujisifu kwa ukubwa. Daggerfall, wa mwaka 1996, una nchi yenye maelfu ya miji, vijiji na mapango, lakini mengi yake yafanana kama mayai; ukiisha ona kumi umeona mia. (Walakini wenyewe waliutoa bure mwaka 2009, na kitu cha bure hatukitukani sana.)

MLANGO UNAOFUNGWA

Mpwa wangu alinionyesha michezo miwili ya kampuni moja, Bethesda. Wa kwanza ni Morrowind wa mwaka 2002. Humo zimo nyumba tatu kubwa za kitawala, Hlaalu, Redoran na Telvanni, nawe waweza kujiunga na moja tu. Ukiingia kwa wafanya biashara wa Hlaalu, umekwisha wakosa wachawi wa Telvanni katika minara yao ya uyoga. Wa pili ni Skyrim wa mwaka 2011, nao ulipata sifa na wanunuzi kuliko ule wa zamani. Lakini katika Skyrim mtu mmoja aweza kuwa mkuu wa wapiganaji, na mkuu wa wezi, na mkuu wa chuo cha wachawi, hata kama uchawi anaoujua ni kidogo mno. Hakuna mlango unaomfungia. Kijana hufurahi, maana hanyimwi kitu. Lakini akiisha kuwa kila kitu, arudie kwa sababu gani?

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo dalili kubwa ya kuitafuta. Mchezo unaokunyima kitu leo umekuwekea kitu cha kesho. The Witcher 2, wa Poland, uliotoka mwaka 2011, hufanya hivyo kwa nguvu: uamuzi mmoja mwishoni mwa sehemu ya kwanza hukupeleka upande mmoja wa vita au upande mwingine, na sehemu ya pili yote hubadilika, mahali unapokaa na watu unaokaa nao. Anayeucheza mara moja ameacha sehemu kubwa ya alichokilipia. Lakini huo ni mchezo wa watu wazima. Wazazi wasiuweke mbele ya watoto.

Mfano nilioupenda kupita yote ni Fallout, wa kampuni ya Interplay, mwaka 1997. Nao si wa watoto. Hadithi yake yasema ya kwamba vita vya mabomu ya nyuklia vimeharibu dunia, na watu wachache wanaishi katika pango la chuma chini ya ardhi. Chombo cha kusafisha maji kimeharibika, nawe unatumwa nje kutafuta kipuli chake. Una siku 150.

Kabla ya kutoka wapewa mambo saba: nguvu, utambuzi, ustahimilivu, mvuto, akili, wepesi na bahati. Kila moja huanza na alama 5, na zaidi ya hizo wapewa alama 5 za kugawa upendavyo. Ukitaka nyingine, uzitoe mahali fulani. Mpwa wangu kwanza alitengeneza mtu hodari wa bunduki, akaumaliza kwa kupigana. Mara ya pili akafanya msemaji mwenye akili na mvuto. Akagundua kwamba adui mkuu, anayegeuza watu kuwa majitu ili waitawale dunia, aweza kushindwa bila risasi: ukipata ushahidi kwamba majitu hayo hayazai, ukamwekea mbele yake, atajua kwamba kazi yake yote ni bure. Mara ya tatu kijana akatengeneza mtu wa akili chini ya alama 4. Mtu huyo hawezi kusema sawasawa, huguna tu, na watu wengi humjibu kwa maneno mengine kabisa. Wengine humhurumia, wengine humfukuza. Mwishoni mchezo hueleza yaliyoupata kila mji kwa sababu ya matendo yako. Tulikaa usiku tukilinganisha miisho.

Tena Fallout si mrefu sana, nalo ni jema. Mchezo wa saa mia hushinda moyo wa kuurudia. Na angalia mwanzo wake: Skyrim huanza na safari ya mkokoteni, umefungwa mikono, huku wengine wakizungumza. Mara ya kwanza wasikiliza. Mara ya tano watamani kumsukuma farasi.

BAHATI, NA SHERIA ZA KUJIWEKEA

Ipo njia nyingine. Karibu mwaka 1980, vijana wa California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitengeneza Rogue, ambamo kompyuta hupanga vyumba vya shimo upya kila unapoanza, na ukifa umekufa, huwezi kurudi nyuma. Watoto na wajukuu wake ni wengi. Mmoja ni NetHack, uliotoka mwaka 1987. Hauna picha za kusisimua: wewe ni alama ya @, mbwa ni herufi d ndogo, joka ni D kubwa. Lakini una kazi 13 za kuchagua, tangu mpiganaji hata mganga, na mtalii anayezurura na kamera yake. Ni wa bure, hula nafasi ndogo sana, na hufanya kazi katika kompyuta kuukuu. Linganisha na Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023. Huo ni mzuri ajabu na wenye njia nyingi, lakini wahitaji nafasi ya gigabaiti 150 na kompyuta ya nguvu, na ulitoka kwa bei ya dola 60, karibu shilingi laki moja na nusu za Tanzania, hujahesabu bando.

Kwa watoto, michezo ya Pokémon, iliyoanza Japani mwaka 1996, hukupa mnyama mmoja kati ya watatu mwanzoni na kikosi cha sita baadaye. Njia ni moja, lakini tangu mwaka 2010 wachezaji wamejiwekea sheria iitwayo Nuzlocke: kila mahali wamkamata yule tu unayekutana naye kwanza, na anayezimia hesabu amekufa, humtumii tena. Sheria hiyo haikugharimu senti, nayo ilifanya mchezo wa kitoto uwe wa kutoa jasho.

Hali kadhalika kuna tabia ya kuharibu mchezo mzuri. Kijana huhifadhi kabla ya kila uamuzi, akajaribu jibu hili, akarudi, akajaribu lile. Amekula miisho yote kwa sahani moja. Ndiyo maana mwishoni mwa Novemba 2023 Baldur's Gate 3 uliongezewa namna ya kucheza yenye hifadhi moja tu.

Kabla ya kulipa, mtafute mtu aliyeucheza mchezo mara mbili, umwulize ni nini kilichobadilika. Akitaja silaha tu, weka fedha mfukoni. Akianza kusimulia watu aliowakosa mara ya kwanza, msikilize. Duka la Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14, iwapo hujacheza kufikia saa mbili. Saa mbili hazitoshi kujua yote, lakini zatosha kujua kama mchezo umekuuliza wewe ni nani.

Sisi nyumbani tumebaki na NetHack zaidi, maana kompyuta ni moja na kuukuu. Mchezo huo una jambo ambalo sikulitazamia. Mtu akifa shimoni, pengine mahali pale huhifadhiwa, na mchezaji mwingine wa kompyuta ile ile aweza kupakuta. Mwezi uliopita mpwa wangu alishuka ngazi ya saba akaona kaburi, na mali imetawanyika, na mzimu wenye jina langu. Alinisalimu kwa heshima, akachukua upanga wangu. Ulikuwa umelaaniwa, ukamganda mkononi, na mpaka leo hajaweza kuuweka chini.