Kwenda Mongolia: Majira gani yamfaa msafiri?

MKAZI wa Dar es Salaam au Mombasa anapopanga safari ya mbali, aghalabu hutazama kwanza siku zake za likizo, kisha nauli, na mwisho kabisa hali ya hewa. Kwa safari za karibu, mpangilio huo hauna madhara makubwa. Katika pwani ya Afrika Mashariki, tofauti ya wastani wa joto kati ya mwezi wenye joto kali na mwezi wa baridi haizidi sana nyuzi 5 za Selsiasi. Kinachovuruga ratiba huku ni mvua.

Mongolia ni habari nyingine. Katika mji mkuu wa nchi hiyo, Ulaanbaatar, wastani wa joto mwezi Januari ni zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na usiku baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri au zaidi. Mwezi Julai, mji huohuo huwa na wastani wa nyuzi 18 juu ya sifuri, na mchana jua likiwaka hufika nyuzi 25 na kuendelea. Tofauti ni karibu nyuzi 40. Kwa hiyo anayekosea mwezi huweza kupoteza fedha zake, na pengine afya yake pia.

Chanzo cha tofauti hiyo

Ulaanbaatar na Paris ziko karibu katika latitudo moja, yaani nyuzi 48 kaskazini ya Ikweta. Hata hivyo, Januari ya Paris huwa na wastani wa nyuzi chache juu ya sifuri. Kinachotenganisha miji hiyo miwili ni bahari.

Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole, ilhali nchi kavu hupata joto upesi na kulipoteza upesi. Ulaya Magharibi hupokea pepo zinazotoka Bahari ya Atlantiki, ambazo hupunguza makali ya baridi. Mongolia haina pwani, imezungukwa na Urusi na China, na mji wake mkuu uko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari iliyo karibu. Juu ya hayo, mji huo umejengwa kwenye mwinuko wa takriban meta 1,300. Wakati wa baridi, hewa nzito na kavu hutuama juu ya Siberia na Mongolia, mawingu hutoweka, na joto la ardhi hupotelea angani. Hii ndiyo maana mgeni huweza kuona jua kali na anga ya buluu, huku baridi ikimchoma usoni.

Majira ya baridi: Novemba hadi Machi

Kwa Waafrika Mashariki wengi, Desemba ndiyo likizo ya mwaka. Kwa Mongolia, huo ni mwezi wa kufikiriwa mara mbili. Mchana hudumu saa nane na dakika chache tu. Katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri yenye upepo, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya nusu saa.

Tatizo jingine ni moshi. Familia nyingi zinazoishi pembezoni mwa Ulaanbaatar, katika mahema ya duara yaitwayo ger, hutumia makaa ya mawe kujipatia joto. Serikali ilipiga marufuku matumizi ya makaa ghafi katika mji huo mwaka 2019, lakini hewa ya majira ya baridi imeendelea kuwa chafu. Wenye pumu, wajawazito na wazazi wenye watoto wadogo hawana budi kulipima jambo hilo kabla ya kulipia tiketi.

Hata hivyo, majira haya yana mvuto wake. Mapema Machi hufanyika tamasha la barafu katika Ziwa Khövsgöl, ambalo uso wake huganda kiasi cha kubeba magari. Anayekwenda kwa ajili hiyo aende akiwa na mavazi kamili ya sufu, viatu vya baridi kali na mwenyeji anayeifahamu njia.

Majira ya kuchipua: Machi hadi Mei

Jina la majira haya lisimdanganye msafiri. Ni kipindi cha pepo kali, mavumbi na mabadiliko ya ghafla. Asubuhi yaweza kuwa ya jua na jioni ikawa ya theluji. Machi 2021, dhoruba ya mchanga na theluji iliua watu 10 nchini humo.

Kwa wafugaji, huu pia ni wakati wa kuhesabu hasara. Baridi kali inayoua mifugo huitwa dzud, na ile ya mwaka 2023 hadi 2024 iliangamiza mifugo zaidi ya milioni 7. Mgeni anayefika wakati huo huwakuta wenyeji wake wamechoka na mifugo yao imedhoofika. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza, majira haya ndiyo ya kuepukwa zaidi.

Majira ya joto: Juni hadi Agosti

Nyika hugeuka kijani, maziwa ya farasi hupatikana kwa wingi, na mchana wa Juni hukaribia saa 16. Kuanzia Julai 11 hufanyika Naadam, sikukuu ya mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde, iliyoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010.

Gharama yake ni msongamano. Hoteli na ndege hujaa, hivyo nafasi huhitaji kutafutwa miezi mingi kabla. Aidha, sehemu kubwa ya mvua ya mwaka hunyesha katika miezi hii, na Julai 2023 mafuriko yaliikumba Ulaanbaatar. Katika Jangwa la Gobi, joto la mchana huweza kupita nyuzi 35.

Majira ya kupukutika majani: Septemba na Oktoba

Septemba huleta nafuu. Mvua hupungua, watalii hupungua, misitu ya kaskazini hugeuka rangi ya dhahabu, na Gobi huwa na mchana wa kupendeza. Huo ndio wakati mwafaka wa kutazama Bayanzag, mahali ambapo watafiti walikuta mayai ya dinosaria mwaka 1923. Mapema Oktoba, wawindaji Wakazaki wa mkoa wa Bayan-Ölgii hushindanisha tai wao. Lakini usiku huwa wa kuganda, na theluji ya kwanza yaweza kuanguka hata Septemba.

Uamuzi

Anayetaka shamrashamra achague Julai. Anayetaka utulivu na hewa safi achague kipindi cha mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba. Kwa familia, kalenda inasaidia: shule za Tanzania hufungwa Juni, na za Kenya huwa na likizo Agosti, wakati ambapo kipupwe cha kwetu ndicho kiangazi cha Mongolia.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki. Wasafiri hubadili ndege katika miji kama Istanbul, Seoul au Beijing. Ni safari ndefu na ya gharama, ambayo wengi huifanya mara moja tu maishani. Basi ni heri likizo ihamishwe ifuate majira, kwa kuwa majira hayatahama kumfuata mwenye likizo. Na hata aendaye Julai, asisahau koti: katika nchi iliyo mbali na bahari, jua likizama, joto nalo huondoka.