Merikebu za Angani Juu ya Kabete: Maelezo ya Mchezo wa Vita wa Mezani

Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji mchezo wa vita unaochezwa mezani, ambamo merikebu za angani za mtindo wa enzi ya Malkia Victoria husindikiza misafara ya wafanyabiashara katikati ya maharamia. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba michezo ya aina hii imeanza kuwavutia baadhi ya vijana wa Nairobi, katikati ya jiji na katika vitongoji vya magharibi kama vile Westlands na Kangemi, na kila inapochezwa, maelezo yake hutolewa kwa Kiingereza hata pale ambapo wachezaji wote walikuwa wakipiga soga kwa Kiswahili muda mfupi kabla. Sisi wapenzi wa lugha tumezoea kuandika juu ya bao na kuishia hapo.

Asili ya mchezo wa vita wa mezani tutaipitia kwa haraka. Katika mwaka wa 1824, afisa wa Prussia aliyeitwa Georg Heinrich von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunza maafisa wenzake, akiendeleza kazi ya baba yake. Mwaka wa 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells, katika kitabu chake Little Wars, aliuleta mchezo huo sebuleni kwa askari wa bandia. Tawi la merikebu za angani ni la karibuni zaidi. Mfano mmoja ni Sky Galleons of Mars, uliotolewa Marekani mwaka wa 1988, ambamo vyombo vya Waingereza huelea juu ya sayari ya Mirihi. Chimbuko lake ni riwaya za karne ya 19, hasa za Jules Verne. Ikumbukwe kwamba riwaya ya Verne ya mwaka wa 1863 kuhusu safari ya puto kuvuka Afrika inaanzia Zanzibar. Kwa hiyo anga yetu iliingizwa katika fasihi hiyo zamani, bila sisi kuulizwa.

Isitoshe, chombo cha kweli cha aina hii kiliwahi kuelekea kwetu. Mnamo Novemba 21, 1917, merikebu ya angani ya Wajerumani, L 59, iling'oa nanga Jamboli, Bulgaria, ikiwa na shehena ya silaha na dawa kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana Afrika ya Mashariki. Ilipofika juu ya Sudan iliamriwa kurudi, ikarejea ilikotoka baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 6,700 kwa saa 95 bila kutua. Haikuwa na msindikizaji hata mmoja.

Sasa tuutazame mchezo wenyewe, kwa mujibu wa toleo tunalolicheza sisi. Kitambaa cha buluu hutandikwa mezani kuwa anga. Vyombo ni vinyago vidogo vilivyosimamishwa juu ya vijiti, na kila kijiti kina alama tatu za kuonyesha kama chombo kiko juu, kati au chini. Upande mmoja una merikebu nne za biashara, nzito na zenye mwendo wa pole, pamoja na manowari mbili za kuzilinda. Upande wa pili una maharamia, ambao vyombo vyao ni vidogo, vyepesi na vingi. Kila zamu huanza kwa kurusha dadu ili kujua mwelekeo wa upepo. Kisha vyombo husogezwa, mizinga hupigwa, na dadu huamua kama kombora limepata shabaha. Anayeshambulia kutoka tezini, ambako mizinga ni michache, hupata nafuu. Anayekuja kutoka omo hujitia hatarini. Haramia akifaulu kukigusisha chombo chake na merikebu ya biashara, watu wake hupanda na kuiteka.

Hadi hapo mtu atadhani ni vita vya kawaida, lakini ukweli ni kwamba pande hizi mbili hazigombanii kitu kimoja. Msafara hauhitaji kumshinda yeyote. Unahitaji kuvuka meza tu. Haramia naye hana haja ya kuizamisha manowari, na kwa kweli akipigana nayo amepoteza wakati wake. Shabaha yake ni shehena. Basi mzigo wote wa fikira humwangukia msindikizaji. Akikaa karibu na msafara, maharamia humdonoadonoa kutoka mbali hadi apate tundu. Akiwafukuza, hushangilia kuwachoma wawili, na anapogeuka nyuma hukuta merikebu ya chai imekwisha kutekwa. Nimewaona wachezaji hodari wa drafti wakishindwa mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo hiyo: hawawezi kuvumilia kumwona adui akienda zake salama.

Mchezaji wa bao atauona ugumu huu upesi, ila atashangazwa na mengine. Katika bao la Kiswahili wachezaji wawili hugawana kete 64 sawasawa, kila mmoja 32, na mashimo ni sawa kwa wote. Hakuna dadu, anayeshindwa ameshindwa kwa akili yake. Katika mchezo wa merikebu, nguvu hazilingani tangu mwanzo, na bahati ina kiti chake mezani. Hata hivyo, kuna mahali ambapo michezo hii miwili hukaribiana, napo ni kwenye nyumba, lile shimo lenye kete nyingi ambalo mchezaji hulilinda huku akipima ni lini aisafirishe. Msafara ni nyumba inayotembea. Nilipomweleza mwenzangu mmoja hivyo, aliacha kuzifukuza merikebu za maharamia siku hiyo hiyo.

Ama kuhusu istilahi, Kiswahili hakikutusumbua hata kidogo: nahodha, shehena, omo, tezi, manowari, kusi na kaskazi, yote tuliyakuta yakitungoja. Neno lililotutaabisha ni haramia. Sababu yake ni kwamba tuliamua kuuhamishia mchezo huu mahali tunapopajua, yaani njia ya misafara iliyopita Dagoretti na Kabete katika miaka ya 1890, nasi tukaziacha merikebu zielee juu yake.

Njia hiyo ni historia, si hadithi. Kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888 ilihitaji kituo cha kununulia chakula kabla ya misafara ya Uganda kuteremka Bonde la Ufa. Mwaka wa 1890 Lugard alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga na kujenga ngome Dagoretti. Watu wa ngome wakawa wananyang'anya badala ya kununua. Wenyeji wakaasi, na mwaka wa 1891 ngome ikahamwa. Ikajengwa nyingine Kabete mwaka huo huo, ikaitwa Fort Smith. Waiyaki alikamatwa mwaka wa 1892 na kufia Kibwezi akipelekwa pwani. Barabara tunayoipanda matatu kutoka mjini kwenda Kangemi na Uthiru ina jina lake.

Mnamo Novemba 1895, msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamaasai katika bonde la Kedong. Mamia ya watu waliuawa. Mfanyabiashara mmoja Mzungu, Andrew Dick, aliyekuwa karibu, aliwafuata Wamaasai kwa bunduki, akawaua wengi kabla ya yeye mwenyewe kuuawa. Uchunguzi wa serikali uliona kwamba kosa lilianzia kwa watu wa msafara, waliowachokoza Wamaasai kwa kuwanyanyasa mabinti wao. Je, haramia hapo ni nani?

Mjadala ulituchukua jioni nzima. Hatimaye tulibadilisha kanuni. Tuliingiza hongo kwa maana yake ya zamani, si ya rushwa: ushuru ambao msafara ulimlipa mwenye nchi ili upite, kama ilivyokuwa Ugogo. Nahodha anayelipa hupoteza sehemu ya shehena lakini hupita. Anayejitwalia chakula bila kulipa hutiliwa kete moja katika bakuli lililo mbele ya mpinzani wake. Zikifika sita, mpinzani hupata vyombo vitatu zaidi na haki ya kushambulia kwanza. Jambo la ajabu ni kwamba msindikizaji mwenye mizinga mingi ndiye hujaza bakuli upesi, kwa kuwa huona hana sababu ya kulipa.

Kanuni hizo tumeziandika kwa Kiswahili kwenye karatasi nne. Lililobaki ni jina la upande wa pili. Wawili kati yetu wanashikilia liwe "wenye njia". Mmoja anasema jina hilo linaharibu mchezo, kwani mchezo usio na maharamia hauna ladha. Kwa sasa limeandikwa "wenye njia", kwa penseli.