Ukuta mmoja, hati moja: Neno 'pamoja' lisitupotoshe

Juma lililopita nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi Theta, kati ya Ruiru na Thika. "Prof, samahani kwa kukusumbua. Shemeji anasema nyumba yangu sasa ni yake kwa kuwa walinunua ploti pamoja."

Marehemu mumewe na nduguye walinunua kiwanja cha 'hamsini kwa mia', wakajenga nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Hatimiliki ni moja, majina ni mawili.

Tuanze na neno 'ploti'. Huku kwetu Kiambu, mtu akisema "naishi kwa ploti" ana maana ya vyumba vya kukodi vilivyopangwa safu. Katika masjala ya ardhi, ploti ni kiwanja, yaani ardhi yenyewe. Vivyo hivyo, 'fleti' na 'mezonet' ni majina ya wajenzi na madalali. Hayaonyeshi nani anamiliki nini. Sheria haitazami ukuta, hutazama hati.

Nyumba mbili kama hizo zinaweza kumilikiwa kwa njia tatu. Kwanza, kiwanja kigawanywe kwa idhini ya kaunti, kila upande upate hati yake. Pili, majengo yasajiliwe kwa ramani ya sehemu chini ya sheria ya mwaka 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Hapo kila nyumba hupata hati yake, nayo maeneo ya matumizi ya wote, kwa mfano lango na njia, humilikiwa kwa mafungu na kusimamiwa na shirika la wenye nyumba. Tatu, hati ibaki moja yenye majina yote. Hii ndiyo hali ya mwanafunzi wangu, na ndipo neno 'pamoja' linapotutia taabani.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inatambua aina mbili za umiliki wa watu wengi. Katika aina ya kwanza, hakuna mwenye fungu lake. Mmoja akifa, haki yake huwaendea wenzake waliobaki. Katika ya pili, kila mmoja ana hisa, ingawa haijakatwa mpaka ardhini. Akifa, hisa hiyo huingia katika mirathi yake. Hati ya uhamisho isipobainisha aina, sheria huchukulia kuwa ni hii ya pili, kwa hisa sawa.

Katika Kiswahili cha kila siku, zote mbili huitwa 'umiliki wa pamoja'. Kiingereza nacho hakisaidii, kwani huwaita wamiliki hao kwa neno lile lile la mpangaji. Nimewahi kusoma tafsiri iliyomgeuza mwenye shamba kuwa mpangaji wa shamba lake! Napendekeza aina ya kwanza tuiite 'umiliki wa pamoja', na ya pili 'umiliki wa hisa'.

Nilimshauri mama yule afanye upekuzi rasmi katika masjala, kisha amwone wakili. Juzi akanipigia: "Prof, imeandikwa hisa sawa." Nilishusha pumzi. Hisa ya marehemu ni ya mirathi. Shemeji hawezi kuidai kwa sababu tu yeye yuko hai.

Hata hivyo, nilimtahadharisha. Hisa hiyo ni nusu ya kiwanja kizima, si nyumba ya upande wake wa ukuta. Akitaka mlango wake uwe na hati yake, lazima wafuate njia ya kwanza au ya pili, na mambo huwa rahisi zaidi shemeji akiridhia. Ni heri waketi wazungumze.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Basi wanasheria na sisi walimu wa lugha tukubaliane istilahi hizi mapema. Nawe msomaji, ukiambiwa "tununue pamoja", usitie sahihi kabla hujauliza: pamoja kwa namna gani?